Chupa ya Shahidi

Kuna watu waliojaliwa kusahau. Ukiwakosea asubuhi, jioni unakaa nao unacheka. Tatu-Tatu hakujaliwa hivyo, wala hakuwahi kujisingizia. Katika maabara ya chuo alikofanya kazi miaka thelathini na moja, kila mtu alijua kwamba kopo lake la chai likitumiwa bila ruhusa, aliyelitumia ataendelea kununiwa hadi astaafu.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili ofisini, na huko ndiko lilikobaki. Watu walimwita Tatu-Tatu kwa sababu ya namna alivyoosha vyombo: mara tatu kwa maji ya bomba, kisha mara tatu kwa maji ya maabara, yale yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, yasiyobaki na kitu chochote ndani. Tatu na tatu. Hakuna kichupa kilichopita mikononi mwake kikatoka na uchafu. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyochakaa kwa sabuni. Aliwahi kuolewa na fundi redio. Mume alimwacha, au yeye ndiye aliyemwacha mume; jibu lilitegemea siku uliyouliza.

Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha tu. Lakini mtu hawezi kukaa karibu na moto asipate joto. Fundi mkuu wa maabara wa zamani, mzee mmoja mwenye kikohozi, alimwona alivyokuwa akitazama, akaanza kumfundisha kupima, kuchuja na kusoma mashine. Akamfundisha pia sheria moja ambayo Tatu-Tatu aliishika kama sala: hakuna jaribio bila shahidi. Ukitaka kujua kitu fulani kinafanya nini, tengeneza chupa mbili. Moja iwe na vyote. Ya pili iwe na vyote isipokuwa kile kitu. Hiyo ya pili ndiyo shahidi. Kama shahidi naye amefanya yale yale, basi kitu chako hakijafanya chochote, na wewe umejidanganya.

Alipofika miaka arobaini alikuwa akifanya kwa mikono yake majaribio ambayo wengine waliyatia majina yao. Kwenye faili bado alikuwa "mwosha vyombo". Hilo nalo hakulisahau.

Mama yake aliishi pembeni mwa mji, nyumba ya vyumba viwili yenye ua nyuma uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa. Usafi wa Tatu-Tatu haukutoka mbali. Bibi huyo aliitwa Mama Uyoga, maana alitibu kwa uyoga mgumu unaoota kwenye visiki vya miti iliyokufa, ule unaochomoza ubavuni mwa gogo, wa kahawia, unaong'aa juu na ni mgumu kuukata hata kwa panga. Aliukausha kivulini kwenye nyungo kubwa tano, akautwanga, akauchemsha asubuhi nzima. Waliokuja walikuwa wenye miguu iliyovimba, wenye uchovu usioisha, wenye vidonda visivyofunga. Wengine walipona, wengine hawakupona, kama ilivyo kwa binadamu. Uyoga ule ulikuwa mchungu ajabu, hivyo kabla ya kuwapa alikamulia limau zima kwenye sufuria. Bila limau, hata mwanamume mzima aliutema.

Kisha akaja Profesa.

Alikuwa mgeni chuoni, mtanashati, mwenye sauti ya kubembeleza na kicheko cha karibu, na alikuwa akitafuta kitu cha kumpa jina. Na nani aliyempelekea? Tatu-Tatu mwenyewe. Kiherehere kilimponza. Alimletea kipande cha uyoga kimefungwa kwenye gazeti, akamwambia kwa fahari, "Hii ni kazi ya mama yangu." Wiki ile ile Profesa alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, anakunywa chai, anamwita yule bibi "mama yangu mzazi". Mama Uyoga hakumficha kitu. Alimwonyesha visiki, nyungo, kinu, sufuria, hata namna ya kukamulia limau. Mtu aliyekuja na binti yako si mgeni.

Maabara ina maji fulani ya rangi ya zambarau. Yana jina refu la kuuma ulimi, lakini wao wenyewe waliyaita zambarau tu. Ukitia ndani yake kitu chenye antioksidanti, yaani vile vitu vinavyosemwa kuwa huzuia mwili kuchakaa kwa ndani kama chuma kinavyoshika kutu, ile zambarau hufa na kugeuka njano. Tatu-Tatu aliichemsha dawa sawasawa na mama yake, limau na vyote, akadondosha matone kwenye kichupa. Kufumba na kufumbua, zambarau ikawa njano. Profesa aliruka akamkumbatia mbele ya wanafunzi wanne.

Pembeni kulikuwa na chupa ya shahidi. Ndani yake mlikuwa na maji matupu.

"Profesa," Tatu-Tatu alisema, "shahidi wetu hana limau."

"Nini?"

"Dawa ina uyoga na limau. Shahidi ana maji tu. Tumtilie limau, ndiyo tujue kazi imefanywa na nani."

Profesa alimtazama, kisha akawatazama wanafunzi, kisha akatabasamu lile tabasamu lake.

"Wewe osha chupa," alisema.

Wanafunzi wakacheka. Tatu-Tatu akaosha chupa. Mara tatu, na mara tatu. Maneno yale matatu aliyameza na hayakushuka. Yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wahenga walisema mwenye kovu usimdhani kapoa, na huyu hata kovu lilikuwa bado.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka, karatasi nzuri, picha ya Profesa ameshika uyoga kama aliuzaa yeye. Ukurasa wa mwisho alishukuru watu. Alimshukuru mkuu wa chuo, akamshukuru mkewe, akamshukuru hata dereva. Tatu-Tatu hakuwamo. Mama yake alikuwamo kwa namna yake, ukurasa wa pili: "chanzo cha kienyeji, ambacho huandaa dawa katika mazingira machafu". Machafu! Ua ule! Tatu-Tatu alilisoma neno hilo akiwa amesimama, akakaa chini.

Baadaye dawa ikaandikishwa, ikatiwa kwenye makopo, ikapewa jina la chuo. Na kwa kuwa sasa ilikuwa mali ya chuo, watu wawili walikuja na gari na barua kumwambia Mama Uyoga kwamba haruhusiwi tena kuitengeneza. Walibeba nyungo zote tano. Bibi alisimama mlangoni akitazama, hakupiga kelele. Binti yake alipofika mbio kutoka kazini, aliambiwa sentensi moja.

"Ungeniambia unaniletea nyoka, ningetafuta fimbo."

Tangu hapo, miaka minne, walisalimiana tu. Tatu-Tatu alikuja kila wiki na sabuni, sukari na mafuta ya taa. Mama yake alipokea, akasema marahaba, akaendelea na shughuli zake. Hakumwita tena mwanangu. Na kila siku ya kazi, Tatu-Tatu alimwona Profesa akipita ukumbini anapiga mluzi, akaapa kimoyomoyo kwamba atamwona siku moja mluzi umemkauka.

Sasa utauliza: miaka yote hiyo, na anajua kosa liko wapi, kwa nini hakufanya lile jaribio? Limau si hirizi, linauzwa kila kona. Jibu ni kwamba aliogopa. Alijua silaha ile inaweza kuwa na makali pande mbili.

Lakini likatangazwa jambo lililommalizia subira. Profesa alikuwa anafanywa mkuu wa taasisi nzima. Kutakuwa na mkutano katika ukumbi mkubwa, bodi itakuja, wageni watakuja, naye ataonyesha mbele yao jinsi uyoga unavyoua zambarau. "Andaa vichupa ving'ae," alimwambia Tatu-Tatu bila kumtazama. "Unajua kazi yako."

Mchana ule, wenzake walipokwenda kula, alifunga mlango wa maabara akapanga vichupa vitatu. Cha kwanza akatia uyoga na limau: zambarau ikafa papo hapo. Cha pili akatia limau na maji, bila hata chembe ya uyoga: ikafa papo hapo vilevile. Cha tatu akatia uyoga peke yake, uliochemshwa bila limau. Akasubiri. Dakika tano. Dakika kumi. Akasubiri nusu saa nzima, kama kanuni inavyotaka, kwa kuwa kuna vitu vinavyofanya kazi polepole na haki ni haki. Zambarau ilikuwa imefifia kidogo tu, kama nguo iliyofuliwa mara mbili.

Alirudia. Akarudia mara ya tatu. Ikawa vile vile.

Kwanza ilimjia furaha, furaha mbaya, ya kumfanya acheke peke yake. Amekwisha! Mtu mzima, na vyeti vyake ukutani, amevimba kichwa miaka yote hii kwa sababu ya limau! Kisha akakiona tena kile kichupa cha tatu, na kicheko kikakatika. Kumwangusha Profesa ilikuwa ni kusema mbele ya ulimwengu kwamba uyoga wa mama yake karibu si kitu. Na mama yake, katika dunia hii, hakuwa na jina jingine ila la uyoga ule.

Siku tatu hakulala vizuri. Ya nne, siku ya mapumziko, alikwenda.

Bibi alikuwa anafagia ua ambao hauna hata jani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja na neno."

"Neno lako la mwisho lilikuja na gari."

Tatu-Tatu alipiga moyo konde. "Mama, ninaweza kumwangusha Profesa. Mbele ya watu wote. Lakini akianguka, anaangukia uyoga wako."

Ufagio ukasimama. Akamweleza yote: zambarau, vichupa vitatu, nusu saa. Hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema uyoga ukiwa peke yake unafanya kidogo, kidogo sana, na hata hicho kidogo ni cha kwenye chupa, si cha kwenye mwili wa mtu.

Bibi aliketi kwenye kizingiti cha mlango. Kuku wa jirani wakaingia uani na hakuwafukuza.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka arobaini nimekuwa nikiwanywesha watu limau."

Tatu-Tatu angependa kupigwa kuliko kusikia sentensi ile. 

"Uyoga nilionyeshwa na mama yangu," bibi aliendelea. "Limau niliongeza mimi. Watoto walikuwa wanalia, wanatema. Niliwahurumia." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na yeye anajua?"

"Nilimwambia siku ya kwanza kabisa. Kabla ya kitabu, kabla ya makopo."

"Akasemaje?"

"Aliniambia nioshe chupa."

Bibi aliinua kichwa. "Hilo hukuniambia."

"Ningekuambiaje, mama? Ulikuwa huniulizi kitu."

 Halafu yule bibi akanyoosha mkono, akamshika binti yake kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Mwangushe, mwanangu," alisema. "Na ukimwangusha, usimwachie pa kushika. Mimi nilikosea kwa kutojua. Yeye aliambiwa."

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi watu wa bodi, katikati yao mwenyekiti, mama mmoja mfamasia mstaafu, mwenye miwani ya kamba na uso usiochekacheka. Tatu-Tatu alimketisha mama yake safu ya nyuma, karibu na mlango, akaenda kusimama pembeni ya meza na sinia lake, koti jeupe limepigwa pasi.

Profesa alisema vizuri, hilo hatumnyimi. Alieleza kutu ya mwili, akaeleza antioksidanti, akaeleza hazina ya kale iliyokuwa imefichwa "katika mikono isiyojua thamani yake" mpaka sayansi ikaiokoa. Akainua kichupa cha zambarau, akadondosha dawa, rangi ikageuka, watu wakapiga makofi. Akainua cha maji, akasema, "Na huyu ni shahidi, hajabadilika." Makofi tena.

"Kuna swali?" mwenyekiti aliuliza.

"Lipo," alisema Tatu-Tatu.

Vichwa viligeuka. Alisogea mezani, akaweka sinia, akatoa mfukoni limau moja na kisu kidogo.

"Shahidi mwenyewe hajaitwa," alisema. "Huyu wa maji ni shahidi wa kununua."

Alilikata limau, akakamua kwenye kikombe cha maji, akavuta matone machache, akayadondosha kwenye kichupa kipya cha zambarau. Ukumbi mzima uliiona ikigeuka. Njano ile ile. Haraka ile ile.

"Hiki hakina uyoga," alisema. "Ni limau na maji. Dawa ya Profesa ina limau, na shahidi wake hana. Uyoga peke yake nimeupima mara tatu. Daftari langu hili hapa."

Profesa alicheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Ndugu zangu, msitishike. Huyu ni mwosha vyombo wetu. Bila shaka vichupa vyake ni vichafu."

Hapo alijichimbia mwenyewe. Maana katika ukumbi ule walikuwamo watu waliopita mikononi mwa Tatu-Tatu kwa miaka thelathini, waliokemewa kwa ajili ya alama ya kidole kwenye kioo, waliorudishiwa vyombo waoshe upya wakilia. Mmoja akaguna. Mwingine akacheka. Kicheko kikapita safu kwa safu, na safari hii hakikuwa cha kumcheka yeye.

Mwenyekiti hakucheka. Aliinuka, akaja mezani, akachagua kichupa mwenyewe, akaichukua nusu ya limau iliyobaki akaikamua kwa mkono wake. Njano.

"Profesa," alisema, "chupa yako ya dawa ina vitu gani?"

"Uyoga."

"Na?"

Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. "Na... limau, kidogo, kwa kufuata desturi ya..."

"Na shahidi wako?"

"Maji."

"Uliwahi kuambiwa kuhusu kasoro hii?"

Profesa alimtazama Tatu-Tatu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile kumtazama kama mtu. "Hapana," alisema. "Sikuwahi."

Tatu-Tatu alimwacha aseme. Alimwona akikusanya karatasi zake kichwa chini, akaona utamu mwilini mpaka kwenye kucha. Usimwambie mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kina ladha, na yeye alikitafuna polepole.

Uteuzi ukasimamishwa. Makopo yakakusanywa madukani. Bodi ikaunda kamati ya kumhoji Profesa. Na baada ya wiki mbili Mama Uyoga naye aliletewa barua pamoja na nyungo zake, nne nzima na moja imepasuka. Tatu-Tatu alimsomea: marufuku imeondolewa, anaweza kuendelea na shughuli zake, "kwa kuwa bidhaa husika haina sifa ya kuhitaji ulinzi".

"Rudia hapo mwisho," bibi alisema.

Akarudia.

"Wamenirudishia kwa sababu si kitu."

Wapo wagonjwa waliokuja bado na vikombe vyao. Bibi aliwaambia waende hospitali. Na wapo waliopita nje ya ua wakisema kwa sauti, "Mama Limau hajambo?" Mchana mmoja Tatu-Tatu alimkuta mama yake amezisimamisha nyungo ukutani, tupu, anazitazama. Hakumlaumu binti yake hata kwa jicho, na hilo ndilo lililomuuma Tatu-Tatu zaidi.

Wiki ya tatu, Profesa akaja.

Alikuja kwa miguu, viatu vina vumbi, shati halijanyooshwa. Tatu-Tatu alikuwa pale, anapembua mchele. Alitaka kumfukuza kwa ungo ule ule, lakini mama yake akainua mkono.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Hakuzunguka. Kamati inakaa kesho kutwa, alisema. Kuna njia moja ya kuokoa kila kitu. Kama mganga mwenyewe atathibitisha kwamba limau ni sehemu ya dawa tangu zamani, kwamba dawa ni uyoga na limau pamoja, basi hakuna aliyekosea. Dawa itarudi madukani. "Na safari hii kwa jina lako, mama. La kwanza kabisa, juu ya langu. Picha yako mbele ya kitabu." Akatoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, na kidau cha wino wa kuwekea kidole.

"Nisomee," bibi alimwambia binti yake.

Tatu-Tatu alisoma. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Ilimwita mama yake mtaalamu. Ilisema ua wake ni safi. Aliponyanyua macho aliuona uso wa mama yake umelainika, na akaogopa kuliko alivyoogopa ukumbini.

"Maneno mazuri," bibi alisema. "Lete huo wino."

Akachovya kidole gumba. Profesa akashusha pumzi, akaitandaza karatasi juu ya goti, akamwonyesha mahali.

"Lakini kuna mtu hayumo humu," bibi alisema, kidole kikiwa hewani.

"Nani, mama?"

"Aliyekwambia. Andika hapo chini, kwa mkono wako: 'Kosa la limau niliambiwa na mwosha chupa siku ya kwanza, nikamcheka.' Wewe andika hivyo, mimi ninaweka kidole."

Profesa alitoa kalamu. Kweli aliitoa, akaishika juu ya karatasi. 

"Mama, nilisema mbele ya bodi kwamba sikuambiwa. Nikiandika hivi, nimekwisha."

"Najua."

"Naomba..."

"Uliandika kwamba mimi ni mchafu na mkono haukukutetemeka. Andika."

Alikaa vile muda mrefu, kalamu imeelea, jasho linadondokea kwenye maneno yake mazuri. Kisha akaikunja karatasi, akainuka, akatoka bila kuaga. Mluzi haukusikika. Tatu-Tatu alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona ya barabara, moyo umemjaa, akacheka kwa sauti.

"Umemmaliza, mama! Umemmaliza kabisa! Nilifikiri kweli unataka kuweka kidole."

Mama yake hakucheka. Alikuwa bado ameketi, kidole gumba cheusi kwa wino kimesimama mbele ya kifua chake kama hajui akiweke wapi.

"Ningeweka," alisema. "Muda wote ule ameshika kalamu, nilikuwa naomba kwa Mungu yule aandike."